Jua Limekubali

Mama Wilhelmina alifungua kiroba chake, akamwaga dagaa waliooza juu ya meza yangu, kando kabisa ya kompyuta. Harufu ilijaa chumba kizima. Alikuwa ametoka Busisi asubuhi hiyo na kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya jengo letu hapa Nyamagana, na shikamoo yangu hakuiitikia.

"Soma," alisema, akanipa simu yake.

Ujumbe ulikuwa wa jana yake, saa mbili asubuhi: Anikeni, mama zangu, jua limekubali. Saa tano mvua ilinyesha Busisi na kuharibu dagaa wa kikundi kizima.

Mimi ni mtengeneza programu. Kazini natengeneza za waajiri. Muda unaobaki nautumia kwa zangu tatu, zote huria, yaani mtu yeyote duniani anaweza kuzichukua na kuzibadili bila kuniomba. Ya kwanza ni kamusi ya Kisukuma, iliyokwama kwenye herufi ya M. Ya pili ni orodha ya vitabu vya maktaba za shule, na ina kasoro ninayoikimbia tangu Ramadhani. Ya tatu ni Anika, ya kuwajulisha waanika dagaa kwa simu kama jua litawaka, nayo ndiyo niliyojivunia. Kwa miaka miwili nilizunguka ufukweni nikiwauliza wanawake wanajuaje kama siku inafaa kuanika dagaa. Kila kanuni niliiandika pamoja na jina la aliyenifundisha na ufukwe wake, kwa sababu wingu linaloleta mvua Busisi halina habari na Igombe. Hata maneno ya ujumbe yalikuwa yao. Jua limekubali ni kauli ya Mama Wilhelmina. Sijaisikia kwa mwingine.

Ila Anika yangu ilikuwa bado kwenye majaribio, haijamtumia mtu ujumbe hata mmoja. Ule, kwa jina la mtumaji, ulitoka kwenye kampuni ya Mihayo, niliyesoma naye chuo. Niliifungua programu yao palepale. Walikuwa wameinakili Anika yote, kisha wakafuta majina ya akina mama wote kumi na saba. Na kwa kuwa kila ufukwe uliandikwa kwenye mstari mmoja na jina, fukwe nazo zilikwenda na maji. Kanuni ya Igombe ikawa ya ziwa zima.

Hasira ilinipanda. Nilimwomba Mama akae, nikashuka, nikavuka barabara hadi ofisini kwa Mihayo. Aliniagizia chai. Alieleza, bila haya, kwamba yale majina yalijaza nafasi tu. Wafadhili hawana haja na orodha ya waanika dagaa. Nilimkumbusha kuwa leseni inataka majina yabaki. Akacheka.

"Nusrat, uliiweka bure mwenyewe. Kuna aliyekushikia fimbo?"

"Niliruhusu mchukue. Sikuruhusu mfute watu."

Aliahidi kurekebisha, na kunishukuru kwenye ukurasa wa mwisho wa programu. Kunishukuru mimi! Niliiacha chai yake mezani, nikarudi huku natunga kichwani barua ya kumwumbua mbele ya wafadhili wake wote.

Nilimkuta Mama Wilhelmina akiwaokota dagaa wake mezani, mmoja mmoja. Nilimweleza yote kwa moto: nimeibiwa, nimedharauliwa, sitanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo kachukua kwako bila kukuuliza," alisema. "Na wewe, siku ile, uliniambia unaandika ili usisahau. Uliniuliza lini kama maneno yangu yaende kwa kila mtu?"

Nilidhani kuandika jina la mtu ni sawa na kumwomba ruhusa. Wenzake wa Busisi, aliniambia, hawakuwa wakimlaani Mihayo, hawamjui. Walimsikia yeye, Mama Wilhelmina, katika maneno yale kwenye simu zao, wakamwamini, wakaanika. Sasa hawamsalimii.

Barua niliituma, na sijutii hata neno. Wiki iliyofuata nilivuka daraja na kompyuta yangu hadi Busisi, nikaketi na akina mama kando ya vichanja vya kuanikia. Nilieleza kosa lilivyotokea, langu na la Mihayo. Getruda, mwenyekiti wao, alinitaka nirudie mara tatu. Kisha niliwasomea kanuni zao za Busisi moja baada ya nyingine, wao wakiamua ibaki au itoke. Nyingine walizirekebisha, wakinicheka nilivyozielewa. Tulipofika kwenye jua limekubali, wote walimgeukia mwenye kauli.

"Hiyo futa," alisema Mama Wilhelmina.

Nikafuta, nikamgeuzia kioo aone. Aliuliza kama sasa imetoka kote. Nilimwambia ukweli, kwamba kuna nakala kwenye kompyuta nisizozijua, na hizo siwezi kuzifikia. Aliinuka, akaenda kusimama kwenye kichanja cha mwisho, peke yake.

Dagaa wabichi walikuwa bado ndooni. Getruda aliwatazama, akatazama mbingu, halafu akamgeukia Mama Wilhelmina.

"Leo je?"

Mama Wilhelmina alielekeza macho kwenye mawingu ya upande wa Sengerema. Nilifunga kompyuta kabla hajajibu, nisije nikaliandika jibu lake.