Sakafu ya Upande wa Roda

Ulituona. Usikatae. Novemba 1997, mvua ya El Niño ikiichapa barabara ya Namanga, ulikuwa umejikinga mbele ya duka pale Kitengela lori letu likipita. Ukamwona mke wangu Roda amepakata sufuria, maji ya paa yakidondokea ndani yake. Ukatazama kando. Mimi niliyeshika usukani nilikuwa natazama kando kama wewe.

Lori lilikuwa la mwaka 1974. Juu ya kabini, pale tunapokaa, nilifunga spika, na kwa hiyo spika niliwatangazia watu hadi Bisil kwamba nchi inavuja na wakubwa wanaificha kutu kwa rangi. Walinipigia makofi. Chini ya spika, Roda alikuwa anamwaga sufuria dirishani. Nami, mwalimu wa taifa niliyeishia darasa la saba, kutu ya sakafu nilikuwa nimeifunika kwa kapeti, juu ya kapeti gunia, na juu ya gunia kapeti nyingine.

Siku moja ya soko, tukipeleka nyanya zake Bisil, nikaingia shimo karibu na Isinya. Kapeti zote zikazama. Mguu wa Roda ukatokea chini ya lori hadi gotini na ndala ikabaki barabarani. Niliposimama, damu ilikuwa inamtiririka kwenye muundi. Akaangalia lami kupitia sakafu, kisha akaniangalia.

"Baba Nzilani, miguu mimi ninayo miwili tu. Kabla ya soko lijalo, ama hapa pawe chuma, ama mimi na nyanya zangu tuende na lori la jirani yetu Wanyama."

Wanyama! Mtu ambaye hajawahi kuhutubia hata harusi.

Kesho yake tukaenda kwa Joram, fundi wa bodi za magari wa Kitengela. Akainua kapeti, akapiga mluzi.

"Chairman, hapa unaweza kupanda sukuma wiki. Nitakata nichomelee chuma kipya. Lakini maji yakiendelea kuingia, mwakani mama atatoa mguu wa pili. Yanaingilia wapi?"

"Mburu!" nikasema.

Nina kumbukumbu ndefu. Jumanne, tarehe tisa Februari 1993, Mburu wa Kajiado aliniwekea raba ya kioo cha mbele huku akitafuna mahindi ya kuchoma. Tangu hapo nilimtaja kwenye mikutano minne kuwa mfano wa fundi anayelipua kazi. Mmoja niliufanya mbele ya kibanda chake.

"Tutaona," Joram akasema. Akaomba unga wa ngano, akaupaka ndani ya paa na kuzunguka kioo, ili maji yakipita yaache alama. Nikachukua mpira wa maji, nikauelekeza paani.

"Shusha! Tunaanza chini tukipanda. Ukianza juu, kila mahali patalowa na utamlaumu yeyote unayemtaka."

Tukamwagia raba ya Mburu dakika kumi. Roda alikuwa ndani, akichungulia.

"Unga mkavu," akasema.

"Angalia vizuri!"

"Mkavu, Baba Nzilani. Hata chapati unapika."

Joram akapandisha maji paani. Kabla sijavuta pumzi, Roda akacheka kicheko ambacho sijakisamehe hadi leo. Mistari minne ilishuka kwenye unga, kila mmoja ukianzia kwenye bolti ya spika.

"Nani alitoboa hapa?" Joram akauliza.

Nikasema sikumbuki. Kweli sikukumbuka.

"Ni wewe," Roda akasema. "Mwaka wa tisini na mbili, na drili ya kanisa. Nikakuuliza, huzibi? Ukaniambia mageuzi hayangoji. Ukabandika chingamu."

Joram akachoma bisibisi kando ya bolti. Ikaingia kama kwenye ndizi. "Spika itoke. Hiki kipande chote nakata."

"Uchaguzi ni mwezi ujao! Paka lami tu juu, nitaitoa Januari."

Roda alikuwa ameketi kizingitini, akibandua kitambaa kilichogandia kidonda. Nikajisikia nikiomba kutu ifunikwe kwa rangi. Nikachukua spana, nikapanda paani, nikafungua bolti mwenyewe. Ya tatu ilikatika.

Joram akakata, akachomelea, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu na chini. Ilipokauka Roda akapanda, akakanyaga mara moja, kisha akaruka kwa miguu yote miwili. Lori likatikisika. Sakafu haikunung'unika.

"Sasa twende Kajiado," akasema.

Mburu alinisikiliza nikinong'ona msamaha wangu, akakohoa.

"Sema kwa nguvu, bwana. Siku ile ulinitangaza hadi kwa Wamasai wa Bisil."

Nikasema kwa nguvu, bila spika. Watu wakajaa. Nilirudia mara tatu, kwa sababu waliofika wamechelewa walitaka nianze tena mwanzo. Roda alikuwa anawauzia nyanya.

Sasa wewe. Hiki kikaratasi kiweke chini. Toka nje, fungua mlango wa upande anaokaa mwenzako, inua kapeti, bonyeza kwa kidole. Kikizama, usimtafute Mburu wako. Chukua maji, anza chini ukipanda, na ukifika kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe, bandua chingamu yako leo hii, kabla hajaingia garini.