Buibui la Mbodze

Asubuhi ile Morgan, nyapara wa mjengo, alikuwa ameutandaza mchoro juu ya matofali na kuukandamiza kwa kikombe cha chai usipeperuke. Vibarua walikuwa wamechuchumaa chini ya turubai wakila mahamri kwa mbaazi. Mjengo ulikuwa juu ya mteremko, Mji wa Kale, mahali palipobomolewa nyumba mbili za zamani ili lisimame ghorofa la kupangisha. Kando ya msingi palirundikwa udongo mwekundu, kilima kizima. Chini ya kilima kulikuwa na kichochoro, chini ya kichochoro nyumba za watu, na chini ya nyumba za watu bahari.

"Mzee Gunga, hebu njoo," Morgan aliita. "Wewe wakaa hapa karibu, sivyo?"

"Hapo tu nyuma ya msikiti."

"Una kitambaa cheusi?"

Kwenye mchoro kulikuwa na mstari mweusi, umepigwa ukingoni mwa kiwanja upande wa chini. Maana yake kitambaa kisimamishwe kwa vigingi, pindo lake lifukiwe, ili mvua ikinyesha maji yapite na udongo ubaki. Kitambaa hicho hutakiwa kiwepo kabla jembe la kwanza halijapiga. Hapa msingi ulikwisha kuchimbwa, masika yalikwisha kuingia, na kitambaa kilikuwa bado kimo mchoroni. Sasa Injinia alikuwa amepiga simu: mkaguzi wa mazingira anakuja adhuhuri, asikute pengo.

"Kitambaa gani?" Gunga aliuliza.

"Chochote, mradi cheusi. Akitoka tu, chukua chako uende nacho. Na asipokiona, mzee, mjengo utafungwa, sote tukauze madafu."

Vibarua walicheka. Gunga hakucheka. Kwa umri wake kazi haikuwa ikimtafuta. Yeye ndiye aliyekuwa akiitafuta.

Nyumbani kitu cheusi kilikuwa kimoja tu, buibui la marehemu mkewe, Mbodze. Lilikuwa la mtindo wa zamani, la kamba, pana kama shuka mbili, na liliangikwa nyuma ya mlango tangu siku ya maziko. Mbodze hakuwahi kutoka bila hilo, hata kwenda kwa jirani kuomba moto. Gunga alilikunja, akalitia kwapani, akatoka mbiombio kama mtu aliyekwapua kuku.

Alilipigilia vigingini kwa mkono wake. Ukingo uliobaki walimalizia kwa mifuko ya saruji waliyoipaka oili chafu ipate weusi. Mkaguzi alikuja, mama wa heshima zake, viatu vya visigino. Alisimama juu kwenye lami, akatupa jicho, akaona weusi kutoka huku hadi kule, akasema, "Vizuri, vizuri," akarudi garini. Watu hawa husomeshwa waone, wakalipwa waone, na hawaoni. Gunga alilisema hilo moyoni. Kwa kinywa hakulisema, maana kitambaa kilikuwa chake.

Alipoteremka kwenda kukichukua, mvua ikashuka naye.

Kilima kilianza kwenda. Mifuko ya saruji ilichukuliwa mara moja, ikapita kichochoroni ikaishia baharini. Buibui likabaki. Kisha likajinyoosha. Lilivutika taratibu kutoka ukuta wa kushoto hadi ukuta wa kulia, likajichimbia pindo lake ardhini bila kufukiwa na mtu, na udongo wote ukaja ukaliegemea. Maji yaliyopita yalitokea upande wa pili meupe, yananukia udi. Bi Amtulla, mwenye nyumba ya kwanza kule chini, alitoa ndoo akakinga.

"Limetanuka," Morgan alisema.

"Mwenyewe alikuwa hivyohivyo," kibarua mmoja akajibu. "Uchafu haukuvuka kizingiti chake. Mamangu akimjua."

"Haya, saruji isilowe," Morgan akasema, nao wakaenda kufunika saruji.

Mvua ilipokatika, buibui lilikuwa limejaa. Katikati yalitokeza mabega mawili, na kiuno kilichopinda kidogo, kama cha mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Shela ya usoni ilikuwa imeshushwa. Vibarua wakipita na makarai ya kokoto walisema, "Shikamoo, bibi," wakaenda zao. Hakuitika. Mbodze hakuzoea kuwaitikia wanaume njiani.

Gunga alikaa mbali, macho chini. Mkewe, ambaye hata chumvi ya dukani alimtuma mtoto, sasa amesimama nje kweupe, tope la tajiri limemlalia mgongoni, na kila apitaye aona umbo lake. Na aliyemtoa nje ni yeye mume, si adui. Gunga aliomba ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya hapo ilikuwa na shughuli nyingine.

Asubuhi ya pili alikwenda na nyundo. Alichomoa msumari wa kwanza tu, pembe ikalegea, na tope likaporomoka mpaka mlangoni kwa Bi Amtulla. Bi Amtulla akatokeza, rida yake, vazi la Kibohora la rangi ya waridi, imeroa pindoni.

"Mzee Gunga, wamtoa?"

"Namtoa, Bi Amtulla. Si mahali pake hapa. Watu wamtazama."

"Haki yako. Hata mimi nisingetaka." Alitazama tope lililofika vifundoni mwake. "Lakini ningojee kidogo. Kaka yangu Qaidjohar yuko kitandani chumba cha chini, tangu kiharusi miguu haina kazi. Nitafute wa kumpandisha juu. Ngazi yetu waijua ilivyo. Na hao wenzangu wa chini nao uwaambie, wajue."

Vichwa vilikuwa vimetokeza milangoni mpaka mwisho wa kichochoro. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililomchoma Gunga. Laiti wangemtukana, angechomoa misumari yote.

Aliurudisha msumari. Alipougonga, buibui lilikohoa.

Akamwendea Morgan. "Nunueni kitambaa cha kazi, nimpeleke mke wangu nyumbani."

"Mzee wangu, mimi hapa hata kamba naomba. Mwambie Injinia mwenyewe, yuaja."

Injinia alikuja na buti mpya za mpira, hazina doa. Aliligonga buibui kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni Marikiti, akainama kutazama maji yanavyotoka upande wa pili. Akafurahi.

"Hiki ndicho kitambaa! Cha wapi?"

"Ni buibui la marehemu mke wangu, bwana."

"Oh, pole sana, mzee. Mungu amweke pema. Chashika kuliko vile vya kuagiza." Akamgeukia Morgan. "Basi kitambaa tusinunue tena. Na kwa kuwa hapa pako imara, ule udongo wa kiwanja cha pili uleteni uje umwagwe hapahapa."

Gunga alikuwa na maneno. Alikuwa nayo kwa miaka, maneno ya kuwaambia wakubwa. Aliyasema akikoga, aliyasema matangani, aliyasema barazani mpaka watu wakahama baraza. Sasa mkubwa alikuwa amesimama mbele yake, karibu hata mate yangemfikia. Injinia akampa mkono.

"Umetusaidia sana, mzee."

"Ahsante, bwana," Gunga alisema, na akaona mkono wake wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia, kama mtoto anayepokea pesa za sikukuu.

Alasiri lori lilifika limejaa udongo. Dereva alikuwa mgeni, kijana wa upande wa Kibarani. Kilima kilikuwa kimebana na njia nyembamba, kwa hiyo Morgan alimtuma Gunga amwongoze. Gunga alisimama kando, akapunga mkono.

"Leta! Leta! Kata kushoto kidogo. Leta!"

Lori likarudi nyuma polepole, kisha likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee! Mwambie yule mama asogee, nitammwagia!"

Vibarua walisimama, makarai vichwani. Kule chini Bi Amtulla alikuwa amesimama mlangoni pake na ndoo. Gunga aliyatazama yale mabega yaliyokuwa yakingoja.

"Si mtu," alisema. "Ni kitambaa. Leta."

Dereva akamwaga. Buibui liliinama kidogo, likajiweka sawa, likasimama. Juu barabarani lori la pili likapiga honi, na Gunga akainua mkono tena.