Magari Madogo Yamewapita

Tangu asubuhi mhandisi alikuwa hatulii kitini. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Mkuu wake alitaka saini yake kabla ya ofisi kufungwa, athibitishe kwamba daraja la barabara kuu linaweza kuendelea kubeba malori. Hesabu zilimkubalia. Ndani ya kompyuta alikuwa ameyapitisha malori ya kila uzito, kwa mfuatano uliorekodiwa kwenye mizani ya barabarani inayopima kila gari linalopita, yakienda kasi na yakisimama kwenye foleni, na kila mara daraja lilihimili. Moyo wake tu ndio uliokataa.

"Unatafuta nini tena, binti?" mkuu aliuliza mlangoni. "Daraja limesema haliumwi, wewe unalibembeleza liumwe."

"Nipe nafasi kidogo, mzee."

"Nafasi ninayo. Saini ndiyo sina."

Simu ikalia. Alikuwa mumewe, dereva wa lori la saruji.

"Mama watoto, leo nitachelewa. Gari limepinduka huko mbele, polisi wamefunga njia. Nimekwama darajani kwako, katikati kabisa."

"Uko na nani?"

"Na wenzangu. Mbele lori, nyuma lori, ubavuni lori. Wenye magari madogo unawajua, hawana subira. Wametupita pembeni wote, wakaenda kujazana kwenye kizuizi cha polisi. Tumebaki sisi wenyewe, tumebanana kama ndizi kwenye chane."

Mhandisi aliigeukia kompyuta. Katika foleni yake ya kompyuta, magari yalisimama kwa mpangilio ule ule wa mizanini: lori, teksi, pikapu, lori. Hakuwahi kufikiri kwamba yale madogo yangechomoka. Akayaondoa yote, akayasogeza malori yakagusana, akabonyeza. Boriti ya kati, iliyokuwa ya kijani siku zote, ikawa nyekundu: imezidiwa.

"Mama watoto, upo?"

"Nipo. Waambie wa nyuma warudi, mmoja mmoja. Wewe usisogee mpaka nikwambie."

"Warudi kinyumenyume na matela? Watanitukana mpaka bibi yangu aliye kaburini."

"Watukane huku wanarudi."

Akageuka. "Mzee, wapigie polisi wa kizuizini. Magari madogo yaondoke, malori yatoke darajani moja moja, na lori jingine lisiingie."

Mkuu aliitazama ile rangi, akapiga simu.

Mhandisi alibaki na simu sikioni, akizunguka meza. Alisikia injini, honi, na bibi akitajwa kweli. Kisha akamruhusu mumewe asogee, naye akasema ametoka, na nyuma yake daraja ni tupu.

"Na kesho nipite wapi?"

"Njia ya mlimani. Daraja nalifunga kwa malori."

"Ile ya kulala njiani?"

"Hiyo hiyo."

"Wenzangu wakiniuliza ni nani kafunga daraja, mimi simjui."

"Sawa, baba watoto," alisema, akaanza kuandika amri ya kulifunga.