Miaka Minne ya Mama Ghazwan

Jumanne asubuhi, ukoo mzima wa Handuqi, watu mia nne na ushei kutoka Karak hadi Amman, walifungua tovuti ya ukoo wao wakakuta babu yao mkuu hayupo. Pale ilipokuwa picha yake, na masharubu yake na jambia lake, palikuwa na mwanamke wa Kizungu anacheka, ameshika suruali inayoweza kuwatosha watu watatu, na chini yake tangazo la vidonge vya kupunguza mwili.

Ami Sattam, mkuu wa baraza la ukoo, alimpigia simu Rudaina kabla binti huyo hajavua koti ofisini kwake.

"Rudaina! Babu yako wamempeleka wapi?"

"Tumedukuliwa, Ami. Kuna watu wameingia kwenye tovuti."

"Watu gani? Wa ukoo gani?"

"Hawana ukoo, Ami. Wako mbali huko, hata hawatujui."

"Hawatujui, halafu wanamvika babu yangu suruali ya mwanamke?" Alihema. "Sikiliza, mwanangu. Ijumaa ni posa yako. Wazee mia mbili watakaa barazani, na mti wa ukoo utaonyeshwa ukutani kama kawaida. Nataka unikagulie jina kwa jina. Nisije nikasimama mbele za watu nikakuta nimezaliwa na yule mama wa vidonge."

Rudaina alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alifanya kazi ya kompyuta katika kampuni ya bima, na tovuti ya ukoo aliitunza vile watu wanavyoufanyia ukoo kila kitu, yaani bure na kwa lawama. Alikuwa mtoto pekee wa baba yake. Mama yake, Wajiha, alifariki miaka tisa nyuma. Na Ijumaa hiyo alikuwa anaposwa na Ghazwan, ambaye naye ni Handuqi, ukoo ule ule na baraza lile lile. Kwa hiyo washenga wangetoka mlango wa mashariki wa baraza, wazunguke ukuta, waingie mlango wa magharibi, kwa kuwa posa bila msafara si posa.

Kumfukuza mama wa vidonge kulichukua dakika kumi. Kazi yenyewe ilikuwa hifadhidata, mlimokuwa na majina, miaka ya kuzaliwa, ndoa na vifo. Mwizi aliyeingia ndani akatundika picha ukutani, nani ajuaye kama hakupekua na sanduku? Rudaina alichukua nakala ya akiba ya Ramadhani iliyopita, akaiweka sambamba na iliyopo, akaiamuru mashine imwonyeshe kila palipobadilika. Alitarajia patatu, panne hivi.

Mashine ilimletea mia moja arobaini na tatu.

Kisha akaanza kusoma, na hofu ikageuka kitu kingine. Shangazi mmoja, Nuwayyir, aliyezaliwa elfu moja mia tisa hamsini na nane, sasa alikuwa amezaliwa sitini na tatu. Mwingine alikuwa amepungukiwa miaka sita na bado ni mkubwa kwa mumewe. Mashangazi saba walikuwa wamerudi usichana ndani ya juma moja baada ya Idi. Binamu mmoja asiyepata kuvuka mpaka wa nchi pale Akaba alikuwa ameitwa Haji. Mwingine alikuwa amemwandika shemeji yake kuwa ni marehemu, na huyo marehemu jana tu alionekana dukani kwake akiuza matairi. Hakuna mdukuzi duniani anayejali umri wa mashangazi wa Karak.

Wote walikuwa wameingia kwa neno la siri moja, na hapo Rudaina alijua wa kumlaumu. Alipoijenga tovuti, alikuwa ameifunga kwa neno refu lisilobashirika. Ami Sattam alichukia kana kwamba amefungiwa mbwa mlangoni. "Baraza la Handuqi halijafungwa mlango tangu enzi za Mturuki," alisema. "Mgeni akija atasukuma kufuli?" Wazee wakapiga kura, na neno la siri likachapishwa kwenye kalenda ya ukoo, chini ya mwezi wa Disemba, karibu na namba ya simu ya baraza. Kila nyumba ilipata kalenda yake. Kisha mtu akaipiga picha akaiweka mtandaoni, kuwatakia walimwengu Idi njema. Wadukuzi hawakuvunja chochote, maskini. Waliingia mlangoni kama wageni wengine, ila tu hakuna aliyewamiminia kahawa.

Rudaina alikuwa bado anacheka peke yake alipofika kwenye jedwali la maziwa.

Jedwali hilo lilikuwa la Shangazi Wadha, mwenye miaka themanini na mmoja, na halikuguswa na mtu mwingine. Humo mliandikwa nani alimnyonyesha mtoto wa nani, ili watu walionyonya ziwa moja wasije wakaoana bila kujua. Neno la Shangazi Wadha lilikuwa limeshavunja posa mbili, moja nyama ikiwa jikoni. Katika nakala ya Ramadhani kulikuwa na mistari thelathini na minane. Sasa ilikuwa thelathini na tisa.

Mstari mpya ulisema hivi: "Ghazwan bin Nayif. Amenyonyeshwa na Wajiha, mama yake Rudaina. Siku saba, majira ya theluji kubwa, mwaka aliozaliwa Rudaina. Kwa macho yangu, wallahi."

Mtu mmoja tu katika ukoo mzima aliapa ndani ya hifadhidata. Ikiwa ni kweli, Ghazwan alikuwa kaka yake, na hakuna Ijumaa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akibonyeza, na kusema ni wadukuzi, nani angejua?

Alimpigia Ghazwan.

"Futa," alisema Ghazwan baada ya kusikiliza. "Sema ni yule mama wa vidonge."

"Ghazwan!"

"Natania. Yaani, natania nusu. Wewe unasemaje?"

"Nasema siwezi kulala na mtu miaka arobaini huku najiuliza kama ni ndugu yangu. Na mama hayupo wa kumwuliza. Kwani wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini. Unajua vizuri, kila siku unaniita mzee."

Rudaina aliangalia kioo cha kompyuta. Nakala ya Ramadhani ilisema tisini. Hifadhidata ya sasa ilisema tisini na nne, mwaka aliozaliwa yeye Rudaina. Nawwaf, mdogo wake Ghazwan, ambaye ndiye aliyezaliwa tisini na nne, alikuwa amesogezwa hadi tisini na nane. Na juu yao, mama yao Shahira, Mama Ghazwan mwenyewe, alikuwa ametoka sabini akaenda sabini na nne. Mama mkwe alikuwa amejipunguzia miaka minne, na ili asionekane amezaa akiwa na miaka kumi na sita, akawaburuta na wanawe.

Jumatano aliomba ruhusa kazini akapanda kwenda Karak. Shangazi Wadha alikuwa ameketi karibu na jiko la mafuta, miguu imefunikwa blanketi, kompyuta-kibao mapajani.

"Nimeona na macho haya mawili," alisema hata kabla ya salamu kwisha. "Shahira amelazwa hospitali kwa homa ya uzazi, theluji imefunga barabara, na mama yako, Mungu amrehemu, wewe upo ziwa hili, na mtoto wa Shahira yupo ziwa lile. Nimekaa kama hapa ulipokaa."

"Mtoto yupi, Shangazi?"

"Mtoto! Kwani mtoto hufungwa kitambaa chenye jina? Watoto wote wamefanana, wekundu, wanalia. Nikaja kuangalia kwenye kompyuta yenu, nani kwa Shahira kazaliwa mwaka mmoja na Rudaina. Ikaniambia Ghazwan."

"Kompyuta imedanganywa, Shangazi. Ghazwan ana miaka thelathini na mitano. Huyo alikuwa Nawwaf, na maziwa humfunga aliyenyonya tu, si kaka yake."

"Miaka thelathini nimehifadhi maziwa ya ukoo huu kichwani, mkaja mkaniambia, Shangazi, kichwa kinazeeka, kompyuta haisahau. Leo kompyuta ndiyo imesahau?" Alimkazia macho. "Wewe ndiye bibi harusi. Nikuamini wewe? Mtu mmoja tu anajua mwanawe yupi alinyonya kwa watu. Aniambie kwa mdomo wake, nami nitaandika. Asiposema, Ijumaa nitasema mimi."

Rudaina alitoka hapo akijua kazi iliyomkabili. Angelazimika kwenda kwa mama mkwe wake, siku mbili kabla ya posa, akamwombe akiri umri wake kwa Shangazi Wadha. Na kumwambia Shangazi Wadha ni sawa na kupanda juu ya mnara wa msikiti na kipaza sauti.

Mama Ghazwan alimpokea kwa mabusu sita. Alikuwa mwanamke nadhifu, nywele zimetiwa rangi juzi, na siku zote alimpenda Rudaina kwa namna ya kumrekebisha kola. Alimkalisha mahali pa heshima, akamimina kahawa yenye iliki, akampa finjani. Rudaina aliipokea kwa mkono wa kulia. Kisha akaiweka mezani, bila kuionja.

Mama Ghazwan aliitazama ile finjani. Hakuna Mhanduqi mwanamume wala mwanamke asiyejua maana yake. Mgeni akiiweka kahawa chini ana haja, na haja isipokubaliwa hainywi, na kahawa ya mgeni ikipoa ndani ya nyumba yako, aibu ni yako.

"Mambo haya hufanywa na wanaume," alisema taratibu. "Ijumaa."

"Ijumaa haitakuwepo, Mama, nisipoifanya leo."

Akamweleza yote, mstari wa thelathini na tisa, theluji, na kiapo cha Shangazi Wadha. Alipofika kwenye miaka, aliinamisha uso akasema kwa sauti ndogo, "Na kuna watu waliobadilisha tarehe."

"Wadukuzi," alisema Mama Ghazwan haraka.

"Ndiyo, Mama. Wadukuzi. Wengine waliingia siku ya tatu ya Idi, saa tano asubuhi, kwa simu yenye jalada la maua."

Mama Ghazwan aliivuta simu yake yenye jalada la maua akaitia chini ya mto. Mvuke wa kahawa ulipungua, ukawa uzi, ukakatika.

"Kila mtu alijipunguzia," alisema hatimaye, kwa hasira. "Nuwayyir kajipunguzia mitano! Mimi nilisema, Shahira, usiwe na tamaa, chukua minne tu."

"Najua, Mama."

"Nitachekwa hadi kaburini."

"Utachekwa mwezi mmoja," alisema Rudaina, na machozi yakaanza kumtoka bila ruhusa yake. "Mimi nitalia maisha."

Mama Ghazwan alimtazama. Kisha akafanya jambo ambalo Rudaina hakulitarajia, akasogea akakaa karibu naye.

"Mama yako alikuja hospitalini kwa miguu kwenye ile theluji," alisema. "Nilikuwa nakufa. Akaniambia, Nawwaf ameshiba, wewe pona tu. Siku saba alimbeba, wewe huku na yeye kule. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni." Akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Mimi nimemlipa kwa kuyahamisha maziwa yake kwa mwana ambaye hakunyonya. Lete simu. Iko chini ya mto."

Akapiga. Shangazi Wadha aliitika mara moja, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Wadha! Ni mimi. Alikuwa Nawwaf. Nawwaf, mwana wangu wa pili! Ndiyo, tisini na nne. Ghazwan ni wa tisini." Akafumba macho. "Na mimi ni wa sabini. Umesikia? Sabini! Usinifanye nirudie, nimekusikia unacheka!"

Alikata simu, akaisukuma ile finjani mbele ya Rudaina.

"Kunywa. Imepoa, lakini kunywa. Ila nami nina sharti. Uwarudishe na wale wengine wote. Kama nazeeka, nazeeka na Nuwayyir."

Rudaina alikunywa kahawa ya baridi hadi kwenye masimbi ya chini ya finjani.

Alhamisi alibadilisha neno la siri, kisha akarudisha mistari mia moja arobaini na miwili kama ilivyokuwa Ramadhani. Mashangazi wakazeeka kwa pamoja saa nne asubuhi, na muuza matairi akafufuka. Mstari mmoja hakuufuta. Alibadilisha jina tu, Ghazwan likawa Nawwaf. Alikaa akiuangalia kwa muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine popote palipoandikwa kwamba Wajiha aliwahi kufanya hivyo. Juzi kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, washenga walisimama kwenye mlango wa mashariki kuanza msafara wao wa kuzunguka ukuta. Baba yake Rudaina alibaki ndani upande wa bibi harusi, na kando yake mto mmoja wa kukalia, mtupu, wa mtoto wa kiume asiyekuwa naye. Kutoka chumba cha wanawake, Rudaina aliwaona kupitia pazia. Ami Sattam aliwahesabu watu wake, akasita.

"Nawwaf! Mbona umekaa? Toka nje, wewe ni wa kwa bwana harusi!"

Nawwaf alikuwa ameshakaa kwenye ule mto, goti kwa goti na baba yake Rudaina.

"Sitoki, Ami," alisema. "Leo anaposwa dada yangu. Nendeni mzunguke, mkirudi tutawafikiria."

Baraza zima liliangua kicheko, na baba yake Rudaina, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliuweka mkono wake juu ya bega la Nawwaf na hakuuondoa. Washenga wakatoka. Ami Sattam alikuwa wa mwisho, na alipofika kwenye pazia la wanawake alisimama.

"Rudaina, mwanangu," alinong'ona, "lile neno jipya la siri ni lipi? Mchapaji wa kalenda anasubiri."