Magoti ya Hakimu

Fundi wa makochi alikuwa na mbwa aliyeitwa Hakimu, na jina hilo hakupewa bure. Tangu ujana wake alikuwa akikaa mlangoni mwa karakana, miguu ya mbele kainyoosha, akimtazama kila mteja kuanzia viatu hadi kofia. Wengine walijikuta wakimwamkia. Na kochi likishamalizika kushonwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipanda. Fundi alimfukuza kwa maneno makali, lakini alimfukuza akiwa anacheka, na mbwa si mjinga.

Ila uzee hauna hodi. Baridi ilipoanza mwaka huo, Hakimu alianza kuamka kwa mafungu: kwanza mabega, kisha anapumzika, halafu ndiyo anakokota kiuno. Alisimama chini ya ngazi za baraza, akazitazama, akaghairi. Kochi jipya likitoka, alilinusa pembeni tu na kwenda zake.

"Anazeeka," fundi alimwambia mkewe kwenye simu. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akamwachia nyumba, mbwa, na mama yake mzazi.

"Kuzeeka si ugonjwa," mkewe akajibu. "Huyo anaumwa. Mpeleke kwa daktari. Na mama anakula?"

"Anakula kunishinda."

Mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Sauti yake bado ilikuwa na uwezo wa kumfanya mtu mzima aangalie kama kucha zake ni safi. Magoti yake nayo yalikuwa mabovu, na kila alasiri yeye na Hakimu walikaa barazani wakiota jua, bibi kwenye kiti, mbwa kwenye gunia, wote wawili wakiguna kila walipogeuka. Fundi alimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja. Tangu aoe hajawahi kumwambia hapana.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake imezoea ng'ombe. Alimkunja Hakimu miguu mmoja mmoja, taratibu, hadi alipofika kwenye nyonga mbwa akageuza shingo na kumtazama vibaya.

"Nimekuelewa, mzee," daktari akamwambia. Kisha akamgeukia fundi. "Ni yabisi ya viungo. Haiponi, lakini maumivu yanatulizwa. Nitakupa vidonge. Kimoja kila asubuhi, na chakula, usimpe tumbo tupu. Akitapika, akikataa kula, au choo kikiwa cheusi, acha mara moja uniletee. Na dawa za watu asipewe kabisa. Kinachomtuliza mtu kinaweza kumuua mbwa."

Fundi akaitikia kila neno. Siku zile za mwanzo dawa ilifanya kazi mpaka akajilaumu kwa kuchelewa. Hakimu alipanda ngazi za baraza akiwa amebeba kiatu cha mtu. Alimbwekea muuza mkaa, jambo alilokuwa ameliacha. Mama mkwe alimtazama akipita, akasema, "Mwenzangu kapata nafuu, mimi nimebaki peke yangu kwenye chama."

Kisha mambo yakageuka. Asubuhi moja Hakimu alitapika kwenye kitambaa cha kochi la mteja, kile cha rangi ya maziwa. Mchana akalisusa bakuli. Jioni fundi alipotoka naye nje, akaona choo ni cheusi kama lami. Hakusubiri. Alimpakia mbwa kwenye mkokoteni wa kubebea makochi, akausukuma hadi kwa daktari huku watu wakimpisha njia.

Daktari alimtazama ufizi, akambonyeza tumbo, akamtoa damu ya kupima. Akamchoma sindano ya kutuliza tumbo, akamtundikia maji.

"Tumbo limechubuka, na figo zinalalamika kidogo," alisema. "Dawa niliyokupa inaweza kuleta hayo, ndiyo maana nilikutahadharisha. Lakini kwa dozi ile, haraka hivi? Kuna kitu kingine anachopewa?"

"Hakuna, daktari."

"Una hakika? Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na mama mkwe." Hapo fundi akasita. Akakumbuka kabati dogo la chumbani kwa mama mkwe, na vidonge vyake vya magoti. Akakumbuka pia kwamba siku hizi mbwa alikuwa akiondoka barazani huku akijilamba midomo.

"Nenda kaulize," daktari akasema. "Nahitaji kujua ni dawa gani na kiasi gani. Huyu abaki hapa."

Njia nzima fundi alikuwa akitunga sentensi. Utamwulizaje mama wa mkeo kama amemlisha mbwa sumu? Alizipanga, akazipangua. Alipofika, alimkuta mama mkwe barazani anamenya njegere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi, baba? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza hali. Magoti yanaendeleaje?"

"Yapo."

"Na dawa... inasaidia?"

"Inasaidia."

"Haijaisha?"

Mama mkwe aliweka njegere chini. Alikuwa amefundisha watoto wa miaka sita maisha yake yote, na mtu anayezunguka mbuyu alimjua kwa mbali. "Mbwa yuko wapi?" akauliza.

"Kwa daktari. Tumbo limeharibika. Daktari anauliza kama... kama labda, kwa bahati mbaya, kuna dawa nyingine iliyomfikia."

Bibi alilisukuma kando sinia la njegere.

"Nusu," alisema. "Nusu ya kidonge changu, ndani ya mkate, kila tukikaa hapa. Nilimwona anaguna kama mimi. Nikasema kama kimoja cha daktari kimemsaidia hivi, na nusu ya kwangu itammalizia." Alisikia neno alilotamka, akaufunika mdomo kwa upindo wa khanga.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kufukuzwa nyumbani kwake mwenyewe. Kwa machozi ya mama mkwe hakujiandaa. Akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, kosa ni langu. Daktari alinionya kuhusu dawa za watu, nikakaa na onyo lake moyoni kama siri ya jeshi."

"Usinibembeleze," akasema akijifuta. "Niletee viatu vyangu. Nitakwenda kusema mwenyewe."

Akaenda, polepole, akimshika mkwewe mkono, pakiti ya vidonge ndani ya pochi. Daktari aliisoma pakiti, akatikisa kichwa, lakini hakumgombeza.

"Dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja, mama. Zikikutana tumboni zinaongezeana ukali. Ungeendelea, tungezungumza mengine. Tumewahi."

"Na mimi zinaniunguza hapa," mama mkwe akasema ghafla, mkono kifuani. "Tangu nianze kuzinywa. Nilifikiri ni pilipili."

"Unazinywa baada ya kula?"

"Nikiamka tu. Nizimalize."

Daktari akamtazama fundi, fundi akatazama dari. "Mimi ni wa wanyama, mama," daktari akasema kwa upole. "Lakini hilo kamwambie daktari wako kesho, usikae nalo."

Hakimu alilazwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, na daktari akasema kukonda kidogo hakumdhuru, maana kila kilo inayopungua ni mzigo unaotoka kwenye nyonga. Vidonge vilisubiri hadi damu ilipopimwa tena na kuonekana nzuri. Kisha akaanzishiwa dawa nyingine, kidogo kidogo, pamoja na ya kulinda tumbo, na mtu wa kumpa akawa mmoja tu. Mtu huyo, kwa amri iliyotoka barazani, alikuwa mama mkwe. "Mwenye kosa ndiye asiyesahau," alisema, na fundi akamkabidhi pakiti.

Yeye fundi alifanya lile analolijua. Alikata mabaki ya zulia akayagundisha kwenye sakafu inayoteleza, akashona godoro nene la sponji, akagongomea ubao wa mteremko kando ya ngazi. Mama mkwe, aliyebadilishiwa dawa zake hospitalini, alikuwa wa kwanza kuujaribu ubao huo, akausifu.

Mkewe aliporudi kutoka kwa mjukuu, aliwakuta bibi na mbwa njiani, wanatembea hatua za kuhesabika kwenda kwenye duka la kona na kurudi, kama wote wawili walivyoagizwa na madaktari wao.

"Huku kulikuwaje?" akamwuliza mumewe walipokuwa wakiteremsha mizigo.

"Salama," fundi akasema. "Mama atakusimulia. Si langu kusimulia."