Ushuhuda wa Tunda Jeusi

Tok. Tok. Tok-tok. Kisha kimya.

Ukungu ulikuwa umefunika kilima na sikumwona baba, lakini nilimsikia. Kila tunda lililoanguka ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia liligonga bati, na mkebe ulipoanza kujaa mlio ukawa mzito, puf, puf. Hivyo nilijua amechuma kiasi gani. Nilijua pia alipopumzika, na asubuhi hiyo alipumzika mara nyingi mno.

"Tata," nilimwita kupitia miiba, "umechoka?"

"Chuma wewe. Mdomo hauchumi."

"Unapumua kama fahali aliyepandishwa mlima."

"Na wewe unaongea kama mnunuzi asiye na pesa." Akacheka, na kicheko kikakatwa na kikohozi.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na saba, na mvua ya mwaka huo ilikuwa imekataa kuondoka. Siku ya Ijumaa tulichuma mara mbili, kwa kuwa sisi ni Waadventista na Sabato hatuchumi. Kama mana ya jangwani, baba alipenda kusema. Mana yetu ilikuwa ochuoga, tunda dogo jeusi ambalo watoto wa Kijaluo hulila njiani wakichunga ng'ombe. Ni tamu, lina utomvu mweupe unaonata vidoleni, na maji yake hupaka ulimi na midomo rangi ya zambarau isiyotoka hadi jioni.

Baba yangu, Simeon Okari, alitoka Kisii kabla sijazaliwa akafungua bucha Magunga. Watu walimwita Okari wa Nundu. Nyama yote aliuza, lakini mafuta ya nundu aliyakaanga akayala mwenyewe na ugali, asubuhi na jioni, miaka ishirini na mitano. Mwezi wa kwanza mwaka huo miguu ikamvimba na kifua kikambana. Tukampeleka Migori. Daktari aliitazama karatasi ya damu kwa muda mrefu.

"Mzee, kolesteroli imejaa. Na presha iko juu, moyo umeanza kuchoka."

"Nitakufa?"

"Ukiendelea na nundu, ndiyo."

Akampa vidonge vya namna mbili vya kumeza kila siku. Akamkataza mafuta. Mama yangu, Nyakerario, aliuliza basi atakula nini, na daktari akasema mboga, maharagwe, na matunda, hasa yale madogo yenye rangi nzito. Rangi ile, alisema, ina kitu kinachotuliza uvimbe ndani ya mishipa, na nyuzinyuzi za tunda hushika mafuta kidogo yasiingie yote kwenye damu. Mimi ndiye niliyeuliza kama ochuoga ni mojawapo.

"Sijaona aliyeipima," akasema, "lakini kama mnaila bila kuumwa, aile. Ila nisikilizeni. Tunda ni msaidizi. Fundi ni dawa."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Mama aliyasikia. Baba aliyasikia.

Matunda yalipoiva mwezi wa tano tulianza kupanda kilima, mimi na yeye. Tulichuma, tukala, na yaliyobaki mama akayaanika kwenye mkeka ili ayaloweke baadaye. Mohamednur, aliyetuuzia ng'ombe, alimkuta baba mlangoni kwa bucha na bakuli mkononi, mdomo mweusi.

"Okari! Mchinjaji anakula vya mbuzi? Ng'ombe wakisikia watasherehekea!"

"Waambie wasiharakishe," baba akajibu. "Meno yangu bado yapo."

Nundu aliiacha. Akaanza kutembea. Mwezi wa nane tulirudi Migori, na karatasi ikaonyesha kwamba kolesteroli imeshuka na presha imetulia. Daktari alimshika mkono akasema, endelea hivyohivyo, usiache kitu hata kimoja.

Sabato iliyofuata baba alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Kwetu mtu akitendewa jambo na Mungu husimama akalisema, na kanisa zima huitikia amina. Baba hakuwa msemaji. Alizoea kusema na shoka. Lakini siku hiyo alitoa ulimi nje, mweusi, na watu wakacheka, naye akasema, "Mnaona? Hii ndiyo dawa yangu. Hospitali waliniambia nitakufa. Bwana akaniotesha tunda kilimani, bila bei, nami nimepona."

Amina zilitikisa mabati. Vidonge hakuvitaja. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu, na badala ya kuona alichoruka niliona fahari. Yule alikuwa baba yangu, na watu waliokuwa wakimwita Okari wa Nundu sasa waliinuka kumsalimu. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu siku hiyo watu walikuja nyumbani kuuliza juu ya ochuoga. Mama Nyasuguta, mjane mwenye presha kubwa kuliko ya baba, alikuja na mkebe wake, nasi tukamjazia.

Turudi Ijumaa ile. Tulishuka kilimani polepole. Baba alikaa juu ya jiwe mara tatu, na kila mara alisema ni matope. Nyumbani alikula bakuli zima, akalala mapema.

Asubuhi ya Sabato alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati jeupe, hajafunga vifungo. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Umeshakula matunda kabla ya sala?" mama akamuuliza. "Mchoyo wewe."

Nami nilicheka. Naandika neno hili kwa uchungu: nilicheka. Nilitoka nikapiga viatu rangi, viwili vyake na viwili vyangu. Niliporudi alikuwa bado hajafunga vifungo. Nikasema, "Tata, hebu nikufute, usiende kanisani kama mtoto mchunga ng'ombe." Nikachovya kitambaa katika maji nikamfuta midomo. Nikafuta tena. Kitambaa kilibaki cheupe.

Nikatazama kucha zake. Nazo zilikuwa na rangi ileile.

"Mama," nikasema, "bakuli la matunda liko wapi?"

Lilikuwa mezani limefunikwa kwa sahani, limejaa. Asubuhi ile hakuwa amekula tunda hata moja.

Wiki nzima tulikuwa tumeiona rangi ile. Tuliiona Jumatatu, tukaiona Jumatano, na kila mara tulisema ni ochuoga.

Mohamednur alitutolea gari lake la kubebea ng'ombe. Barabara ilikuwa imeoza kwa mvua. Mara mbili tulishuka kusukuma, mama akabaki amemkumbatia baba juu ya gunia la nyasi. Tulifika hospitali ya Homa Bay alasiri. Wakasema rangi ile ni ya damu iliyokosa hewa, wakamwekea hewa puani. Muuguzi akauliza anatumia dawa gani, na mama akafungua mkoba ambamo baba alihifadhi Biblia yake ili amwonyeshe. Vidonge vilikuwemo. Vilikuwemo vyote, vya miezi mitatu, vimefungwa ndani ya karatasi za masomo ya Sabato, kila wiki na karatasi yake.

Mama alivipanga mapajani, akavipanga upya.

Jumapili asubuhi baba alifungua macho. Daktari wa wodi alikuwa ameniita kando akaniambia moyo umechoka sana, nijiandae. Nikaketi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka.

"Kwa nini, Tata?"

Alivuta hewa. "Ningevimeza wapi? Nyumba haikuwa tupu hata siku moja. Wote walikuja kuona mtu aliyeponywa na tunda. Nikasema nitameza wakiondoka. Hawakuondoka. Baadaye nikaona sijafa." Akavuta hewa tena. "Nikadhani labda niliyoyasema ni kweli."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulisema amina kuliko wote."

Alinishika kidole kimoja, kile chenye utomvu mkavu wa Ijumaa.

"Cephas. Nyasuguta."

"Amefanyaje?"

"Ameacha dawa. Aliniambia mwezi uliopita, mlangoni kwa kanisa. Alisema, mzee, imani yako imenitoa utumwani. Nami nikamwambia, Mungu akubariki."

Mama aliweka mkono kinywani.

"Nitakwenda kumwambia," nikasema. "Nyumbani kwake, kimya kimya."

"Hapana. Mimi nilisema mbele ya watu. Nani mwingine ameacha? Unawajua wote?"

"Tata, watasema Okari ni mwongo. Watasema amelidanganya kanisa. Mimi nitaishi pale na jina hilo."

"Ndiyo."

"Na wewe unataka hivyo?"

"Nilikuwa nataka jina, mwanangu. Ona lilikonileta." Pumzi ikamkwama, mashine ikapiga mlio, muuguzi akatazama kisha akaendelea na mgonjwa mwingine. Baba alisubiri hadi alipopata hewa ya kutosha. "Sema nisikie. Usiseme moyoni."

Nje mvua ilianza tena. Nilifikiria lile benchi la tatu, nyuso zitakazogeuka, na zile amina. Nikainama karibu na sikio lake, lakini nikasema kwa sauti, ili mama asikie, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wasikie.

"Leo hii naondoka, hata kwa miguu. Nitaanza kwa Mama Nyasuguta, nimpe maji, nisimame pale hadi ameze. Na Sabato nitasimama mahali uliposimama wewe, niwaambie kwamba tunda lilikusaidia na dawa ilikusaidia, na wewe ukaificha dawa kwa aibu, na mimi nikasema amina. Nitataja jina lako, Tata. Nitataja na langu."