Amina ya Jumatatu

Quinter alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa mbili na nusu asubuhi, na hakuwa na nia ya kuinuka. Ofisi ya Wairimu iko Mishomoroni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa: chumba kimoja, meza moja, feni inayozunguka kwa uvivu, na ukuta mzima umebandikwa picha za majengo marefu ya Dubai. Jina la kampuni ni Mbawa za Neema. Quinter alilitazama lile jina kwenye kalenda akatamani kulitemea mate.

Kando yake alikaa Mwalimu Nyamvula, jirani yake wa miaka kumi na miwili, ameweka mkoba mapajani na miwani puani, kama mtu anayesimamia mtihani. Walikuja pamoja kudai kitu kimoja. Walitaka pesa zao zirudi, zote, na leo.

Biashara ya Wairimu ilikuwa hivi. Unalipa kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, na mwisho wake unapata tiketi ya ndege, viza, hoteli ya siku nne na chai ya asubuhi, vyote kwa pamoja. Quinter, karani wa ghala la majani chai kule Changamwe, alilipa miezi kumi na minne. Hakuwa na haja na majengo marefu wala ngamia wa kupigia picha. Alikuwa anakwenda kumwona mtoto wake.

Cheryl aliondoka akiwa na miaka ishirini na miwili, akaenda Dubai kumlea bibi kizee mmoja, na sasa ni mwaka wa nne hajarudi. Mwajiri amempa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, kwa kuwa bibi kizee anapelekwa kwa mwanawe. Siku nne hazitoshi kuja Mombasa na kurudi, na tiketi ya nyumbani hailipwi mpaka mkataba uishe, nao ameurefusha juzi tu kwa miaka miwili mingine. Basi mama akaona, kama mtoto hawezi kuja, yeye atakwenda. Ndege ilikuwa ya Alhamisi. Leo ni Jumatano, na Wairimu ameihamishia safari wiki ijayo.

Jinsi alivyoihamisha ndiyo iliyomchemsha Quinter damu.

Wairimu ni katibu wa Ushirika wa Akina Mama kanisani. Kila alfajiri hutuma Neno la Asubuhi kwenye kundi lao la WhatsApp, na Neno lake ni refu kuliko mahubiri yenyewe. Hakuna anayelisoma hadi mwisho. Nani ana muda huo, uji uko jikoni na watoto wanatafuta soksi? Unaona mistari minne ya juu, unaandika Amina, unarudi kwenye uji. Ni adabu tu, kama kuitikia salamu. Jumatatu hii Neno lilihusu kumngoja Bwana kwa saburi, na hapo nampa Wairimu pongezi zake, alichagua vizuri. Chini kabisa, baada ya kuwaombea wagonjwa, wajane na watahiniwa, palikuwa na haya: “Wapendwa, kutokana na mabadiliko ya ndege, safari yetu ya Dubai sasa ni Alhamisi ya wiki ijayo. Anayekubali aseme Amina.”

Akina mama thelathini na saba walisema Amina. Wanaosafiri ni wanane. Mama Kefa, ambaye hata pasipoti hana, aliisema mara mbili.

“Mama Cheryl, tusizungushane,” Wairimu alisema, akigeuza simu yake ili waione. “Hii hapa. Saa kumi na mbili na dakika nne. Quinter: Amina. Na vimikono vya maombi umeweka.”

“Sikuwa nimesoma.”

“Sasa mimi nitajuaje hukusoma? Wenzako sita wamesema sawa, wanaenda wiki ijayo. Ni nyinyi wawili tu mnaniletea fujo.”

“Hebu sikiza,” Nyamvula aliingilia. “Tangu lini Amina ikawa sahihi ya mkataba? Basi kila pasta akifunga ibada sisi sote tumeshauza viwanja vyetu?”

“Mwalimu, usicheze na Neno la Mungu.”

“Anayelichezea ni nani, mimi au wewe uliyeficha biashara yako chini ya maombi ya wagonjwa?”

Wairimu akatabasamu, lile tabasamu lake la kugawia sadaka. Akasema si yeye, ni shirika la ndege. Wamebadilisha ratiba, yeye angefanya nini, angebeba watu mgongoni? Pesa zimeshalipiwa tiketi mpya. Mwenye kukubali mabadiliko hana la kudai, hata karatasi ya masharti inasema hivyo. Alizungumza polepole kama anayemweleza mtoto, na kila sentensi aliianza na “dada yangu”.

Nyamvula hakubishana. Alitoa simu, akaiweka mezani, akampigia Justus, kijana wa kuuza tiketi kule Nyali ambaye alimfundisha darasa la sita. Akafungua sauti ili wote wasikie, akauliza habari za ndege ya kesho.

“Shikamoo Mwalimu. Ndege ya kesho iko palepale, haijabadilishwa chochote,” Justus alisema. “Wiki ijayo ndiyo kuna bei ya chini. Chini sana.”

Wairimu alichukua kalamu, akaifunika, akaifunua tena.

“Na ile nafasi ya Mama Cheryl niliyokuomba?” Nyamvula aliuliza.

“Nimemshikia. Lakini mwisho saa kumi na moja jioni, Mwalimu. Ikipita hapo mtambo unaiachia wenyewe, mimi sina uwezo nao.”

Viza ya Quinter ilikuwa tayari, imo kwenye simu yake. Kilichokosekana ni tiketi tu, na pesa ya tiketi ilikuwa upande wa pili wa meza hii. Kukopa alishajaribu. Sacco bado inamdai karo ya Brandon, mdogo wake Cheryl, na kaka yake wa Kisumu alipoombwa alianza kukohoa kwenye simu.

“Mwizi,” Quinter alisema. Hakupaza sauti. “Umetuuza kwa bei ya chini, ukatia tofauti mfukoni. Halafu Jumapili unasimama mbele unatuombea.”

“Chunga mdomo wako ndani ya ofisi yangu.”

“Niitie polisi basi. Waje nao niwasomee Neno la Asubuhi.”

Asubuhi ikasonga hivyo, kwa matusi ya chini kwa chini. Mwendo wa saa tano wakaingia vijana wawili walioshikana mikono, wanauliza fungate ya Zanzibar. Kabla Wairimu hajafungua kinywa, Quinter aliwaambia, “Karibuni. Mkitumiwa ujumbe na huyu mama, someni mpaka chini. Sisi hatukusoma.” Binti akamtazama mchumba wake. Walishuka ngazi bila hata kuchukua kikaratasi. Baada yao alifukuzwa vivyo hivyo mzee mmoja wa kwenda Kigali. Wairimu uso ulikuwa umeanza kuvimba.

Nyamvula naye alikuwa na lake. Kutoka mkobani alitoa na kuweka mezani barua aliyoiandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima: malalamiko ya kupeleka mahakama ya madai madogo. Barua moja, sahihi mbili. Yeye alikuwa na miaka hamsini na minne, hajapata kupanda ndege maishani, na likizo fupi ya katikati ya muhula ilikuwa siku hizi hizi nne. Wiki ijayo shule zimefunguliwa, haendi popote. Akiba aliyolipa ilikuwa ya miaka mitatu.

“Mimi ni shahidi wako, wewe ni shahidi wangu,” alimwambia Quinter, Wairimu akisikia. “Tukisema sote wawili hatukusoma, huyu hana pa kutokea.”

Saa saba na nusu alisimama kwenda kumaliza vipindi vya mchana. “Usitoke hapa. Na maji yake usinywe. Saa kumi hivi nitakuwa nimerudi.”

Quinter alibaki. Alimtumia Cheryl ujumbe kwamba mambo yanakwenda vizuri. Cheryl akamjibu kwa picha ya kitanda alichokitandika katika chumba cha rafiki yake, shuka mpya, mito miwili. Chini aliandika kwamba amenunua samaki na kwamba hataki kulala siku zote nne. Quinter aliitazama ile mito mpaka simu ikazima kioo.

Saa kumi ilifika, Nyamvula hajaonekana. Wairimu aliinuka, akafunga mlango, akavuta kiti akakaa karibu. Hakusema “dada yangu”.

“Nisikilize. Nakurudishia zako zote. Sasa hivi, kwa simu.”

“Na za Mwalimu?” Quinter aliuliza.

“Zako tu. Za Mwalimu sina, zimeshaingia kwa tiketi. Na hiyo barua yenu haiendi mahakamani. Utaandika kwa kundi kwamba mlisoma, mkaelewa, mkakubali. Wewe na yeye.”

“Nitaandika yangu. Yake ataandika mwenyewe.”

“Ya wawili, au hakuna.”

“Huna haya, Wairimu.”

“Sina. Nina madeni.” Aliutazama ukuta wenye majengo. “Saa kumi na dakika kumi na tano. Jipange.”

Quinter alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na chuki yenyewe haikumsaidia kitu. Alifikiria kumpigia Nyamvula. Angemwambia nini? Nikubalie nikuuze? Nyamvula angesema shikilia, tuko karibu kushinda, na angekuwa na haki. Mahakama ingewapa pesa zao, labda mwezi wa tatu, labda wa nne. Cheryl angekuwa ameirudisha ile mito ya watu na kurudi kumwogesha bibi kizee kwa miaka miwili. Alijiambia atamlipa Mwalimu polepole kutoka mshahara wake. Alijiambia Mwalimu ataelewa, ni mzazi pia. Alijiambia mengi, na mikono ikawa imeshashika simu.

Wairimu alimtamkia, yeye akaandika.

“Wapendwa, mimi Quinter pamoja na Mwalimu Nyamvula tulisoma ujumbe wa Jumatatu hadi mwisho, tukauelewa na kukubali kwa hiari yetu. Malalamiko yetu yalikuwa ya hasira tu. Namwomba dada Wairimu msamaha.”

Akautuma. Amina za kwanza zikaanza kumiminika hata hajaiweka simu chini.

Wairimu alitimiza ahadi, hilo halina ubishi. Pesa ziliingia, kamili, bila kukatwa. Quinter alizituma kwa Justus saa kumi na nusu, na haikupita dakika kumi tiketi ikaja kwenye simu: Alhamisi, jina lake kwa herufi kubwa. Alilisoma jina lake mara tatu. Alitarajia kulia kwa furaha, akajikuta anaigeuza simu kifudifudi.

Ndipo akasikia viatu kwenye ngazi.

Nyamvula aliingia ameshika simu mkono mmoja, mkono wa pili una mahamri yamefungwa kwenye gazeti. Vumbi la chaki lilikuwa bado kwenye kiwiko. Hakuna haja ya kuuliza kama alikuwa amesoma.

“Mwalimu, saa ilikuwa imekwenda,” Quinter alianza. “Nafasi ingeachiwa. Nitakulipa mimi, wallahi, kila mwezi nitakuwa nakupa…”

Nyamvula aliiendea meza, akaichukua barua yake, akaikunja mara mbili kwa uangalifu wa mtu anayekunja kitambaa cha kanisani, akaitia mkobani. Wairimu alijitia anatafuta kitu kwenye droo. Quinter alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa anayataka, tena kwa Kigiriama cha kwao Mwalimu chote, ili naye apate la kujibu.

“Tiketi umepata?” Nyamvula aliuliza.

“Nimepata.”

“Kiti cha dirishani?”

“Sijui, Mwalimu. Sikuuliza.”

“Mwambie Justus akuwekee cha dirishani. Huwapa wanaoomba.” Aliyaweka mahamri mapajani mwa Quinter, bado yana moto, akavuta mkoba begani. “Haya. Msalimie Cheryl.”

Akashuka ngazi polepole, akishikilia ukuta, kwa maana pale Wairimu hakuwahi kuweka mahali pa kushika.